Ofisi Ilipohama Kambi Mbao

Katika ploti moja ya Section 58, mjini Nakuru, mlango wa tatu ukihesabu kutoka kwa geti, anaishi mzee ambaye majirani wote humwita DC. Jina lake ni Naftaly Makhanu. Hajawahi kuwa DC, mkuu wa wilaya, hata siku moja. Alikuwa mesenja, mtu wa kubeba mafaili kutoka meza hii hadi ile, na kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko makarani wenyewe, alipewa pia kazi ya kuandika. Lakini alikaa katika ofisi za wilaya miaka thelathini na moja, na ukimwona asubuhi akienda kuchota maji kwa mfereji amevaa koti na kofia, utadhani kuna baraza linamngoja.

Watu wanampenda. Barua ya serikali ikikushinda, unampelekea. Fomu ya basari ya karo ikikuchanganya, anakujazia hapo hapo nje ya mlango wake, ameketi kwa kiti cha plastiki, miwani imeshikwa na uzi kwa sikio moja. Na akijaza anasimulia, na hadithi yake ni ile ile, ya jinsi ofisi zinavyotembea.

"Nyinyi mnafikiria ofisi ni nyumba," husema. "Ofisi ni kama ng'ombe, inafuata nyasi. Babu yangu alikuja huku kufanya kazi ya reli, akakuta watu wakisema ofisi kubwa ya mkoa ilikuwa Naivasha. Halafu ikaletwa hapa Nakuru. Mtu alikuwa anatoka Turkana huko, anatembea wiki nzima, ndio aje apigiwe muhuri hapa. Sasa mkoa wameukata vipande, kila kipande kinataka makao yake, na kila mji unasema ni mimi, ni mimi. Ndio maana mnazungushwa."

"Na ofisi yenu ya wilaya ya Olmara, DC? Si mlihama na nyinyi?" jirani humuuliza.

"Ya Olmara ilihama mara nne."

"Mara nne! Hiyo ilikuwa ofisi ama ilikuwa sarakasi?"

Hapo watu hucheka, naye hucheka kidogo, kisha huinamia fomu. "Hiyo ni hadithi ya siku ingine," husema. Na siku hiyo ingine haikuwa imefika kwa miaka kumi na miwili.

Siku ya Jumanne, Sue wa mlango wa sita alikuja na mtoto wake mdogo, Kahiga, amelala mgongoni, na karatasi zimekunjwa ndani ya mfuko wa sukari ili zisilowe. Sue ni mwanamke mpole, wa kuongea akiangalia vidole vyake. Alihamia ploti hiyo miaka miwili iliyopita akitokea upande wa Kambi Mbao, huko juu ukishapita Dundori. Binti yake wa kwanza, Wariara, yuko gredi ya sita.

"DC, nimechoka," alisema, hata kabla ya kusalimia. "Shule inataka cheti cha kuzaliwa. Mwisho ni Ijumaa. Wariara asipoandikishwa Ijumaa, hatafanya mtihani na wenzake."

"Umeenda ofisi ya vizazi, Gatero?"

"Nimeenda Gatero mara tatu. Wananiambia niende Nakuru. Nakuru wananiambia mtoto wa Olmara ni wa Gatero. Jana ndio msichana mmoja huko Gatero amenihurumia, akanieleza vizuri. Anasema watoto walioandikwa wakati ofisi ilikuwa Kambi Mbao, daftari lao halikufika. La Gatero linaanza siku ile ofisi ilifika huko. Sisi wengine ni kama hatukuzaa."

Naftaly aliivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

"Na mimi nilimwandikisha," Sue akaendelea. "Nilimzalia nyumbani, nikapeleka mwenyewe karatasi ya naibu wa chifu, mtoto akiwa na wiki mbili. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Sikuwa na jina la baba la kuandika, kwa hivyo nilisimama hapo nimeinamisha kichwa, hata uso wa yule aliyeniandikia sikuuona. Niliona tu mkono. Lakini alikuwa mtu mzuri. Aliniambia, mama usijali, acha hapo wazi, muhimu ni mtoto. Akaniambia kitabu cha serikali hakipotei."

Mzee aliutia mkono wake wa kulia mfukoni. Kwa maana mkono ule ulikuwa wake. Na daftari lile, ambalo Sue alikuwa amelitafuta mji huu na mji ule akiwa na mtoto mgongoni, lilikuwa hatua sita kutoka hapo walipokuwa, chini ya godoro lake, likinyoosha suruali yake ya kanisani.

Alipaswa kusema. Mdomo alikuwa nao. Badala yake akasema, "Lete karatasi, nikuandikie barua."

Akamwandikia barua nzuri sana. Yenye "Kwa heshima na taadhima," yenye tarehe na kichwa kilichopigiwa mstari kwa rula. Sue aliipokea kwa mikono miwili.

"Sasa DC, kesho si utanisindikiza? Wewe ulifanya kazi huko. Wakikuona wewe watasikia."

Mkewe Naftaly, Nakhumicha, alikuwa ndani akichagua maharagwe. Alikuwa amesikia yote. Sue alipoondoka, alikuja akasimama mlangoni na sinia mkononi.

"Nimelala juu ya hicho kitabu miaka kumi na miwili," alisema. "Mgongo umezoea. Lakini leo umemwandikia huyo msichana barua ya kutafuta kitu ambacho mimi hutandika kila asubuhi. Baba Khisa, wewe ni mtu wa aina gani?"

"Hujui ilivyokuwa."

"Najua. Ulinieleza. Nataka umweleze yeye."

Ilivyokuwa ni hivi. Wilaya kubwa ya Nakuru ilipoanza kukatwa, kipande kimoja cha juu, kati ya Dundori na Kabazi, kiliitwa Olmara. Kwanza DC wa Olmara alipewa chumba cha kuazima mjini Nakuru, akawa anatawala watu asiowaona. Kisha akapelekwa Kambi Mbao, palipokuwa na kiwanda cha kupasua mbao zamani, na stoo ya mbao ikapakwa rangi ikawa ofisi. Kambi Mbao ilifufuka. Maji yalivutwa, nyumba zikajengwa, mtu mwenye viazi hakuhitaji tena kuvishusha Nakuru. Baada ya mwaka ikasemekana wilaya hiyo haikuundwa kwa sheria, ofisi ikarudishwa Nakuru. Miezi minne tu, ikarudi Kambi Mbao, na watu wakaipokea kwa nyimbo.

Kwa hivyo amri ilipokuja tena, mwaka ule kaunti zilipoanza, kwamba makao yahamishiwe Gatero kwa sababu Gatero kuna lami, watu wa Kambi Mbao hawakulia. Walijua itarudi. Ilisharudi mara moja. Kilichobaki ni kuhakikisha inarudi haraka.

Walikutana dukani kwa Kiarie, yule aliyekuwa akiuza mbegu za viazi na dawa za ng'ombe.

"Waacheni wabebe viti," Kiarie alisema. "Viti ni viti. Lakini roho ya ofisi ibaki hapa. Watafika Gatero, watatafuta, watakosa, watarudi wenyewe."

Basi mmoja akang'oa kibao kilichoandikwa Wilaya ya Olmara. Wengine wawili wakachimbua mlingoti wa bendera, wakaulaza ndani ya zizi na kuufunika nyasi, na ng'ombe wakaukanyaga wiki nzima. Kisha Kiarie akasema, "Na daftari la vizazi?" na macho yote yakamgeukia Naftaly, mtu pekee mle ndani aliyekuwa na ufunguo wa kabati.

Angeweza kukataa. Lakini alikuwa ameishi na watu hao miaka mingi, na hakuwa wa kabila lao, na ilikuwa mara ya kwanza wamemwita wakae naye duka likiwa limefungwa. Kusema kweli alifurahi. Alilitia daftari ndani ya gunia, akaweka kabeji juu, akapita nalo mbele ya lori likipakiwa, na DC wa kweli akamwambia, "Makhanu, hizo kabeji ni kubwa!"

"Ni za Dundori, mkubwa," alijibu.

Hakuna kilichorudi. Gatero walikata mti mwingine wakatundika bendera. Waliandika kibao kipya. Na daftari? Walinunua daftari jipya, wakaanza ukurasa wa kwanza, kazi ikaendelea. Kambi Mbao ilijua imeachwa siku mtu wa maji alipokuja kukata mfereji. Kile kibao cha zamani Kiarie alikifanya mlango wa banda la kuku.

Naftaly alihamia Gatero pamoja na ofisi, maana kazi ni kazi. Mwezi wa kwanza alingoja apate nafasi alirudishe. Mwezi wa tatu ililetwa fomu ya kuthibitisha kwamba vitabu vyote vimefika, na kila mfanyakazi aweke sahihi kwa vile alivyobeba. Aliweka sahihi. Baada ya hapo, kulirudisha daftari kungekuwa kusema yeye ni mwongo kwa maandishi. Mara moja alilibeba kweli, akafika nalo getini, akamwona mkubwa wake akishuka garini, akageuka akarudi nalo nyumbani. Alipostaafu akashuka nalo Nakuru. Watu walipoanza kuja Gatero kutafuta majina yao na kuambiwa hayapo, yeye hakuwepo kuwaona. Alijiambia ni wachache. Alijiambia wamepata njia ingine.

Na Sue alipohamia ploti ile na kusema ametoka Kambi Mbao, wiki hiyo hiyo mzee alinyanyua godoro, akafunua kurasa, akalipata jina la mtoto wake. Wariara, msichana. Mama, Susan. Baba, pengo jeupe. Tangu hapo, kila akimwona yule mtoto akitoka shule na sketi yake ya bluu, alikuwa akiangalia kando.

Jumatano walienda Gatero. Naftaly alivaa koti na tai. Kitabu alikiacha chini ya godoro, kwa sababu bado hakuwa amejua ataenda kusema nini, na Nakhumicha alimtazama akitoka asimwambie hata safari njema.

Ofisi ya vizazi Gatero ina benchi ndefu nje. Siku hiyo ilikuwa imejaa. Sue aliwasalimia watu wawili watatu kwa majina, na Naftaly akagundua kwamba nusu ya benchi ni watu wa Kambi Mbao. Kulikuwa na mwanamke anayesukuma kwa kiti cha magurudumu mtoto mlemavu ambaye hakuweza kuingizwa katika mpango wa msaada kwa kukosa cheti. Kulikuwa na kijana wa kidato cha pili amekaa na nyanya yake.

"Wewe! Si wewe ni yule Makhanu wa ofisi?" nyanya alipaza sauti. "Umezeeka kama sisi! Umekuja kututetea?"

"Amekuja kututetea," Sue akasema, na uso wake ulikuwa na fahari.

"Basi leo tutaenda nyumbani na watoto wetu."

Mzee alijaribu kutabasamu. Akalegeza tai kidogo.

Ndani, msichana aliyemhurumia Sue alikuwa anaitwa Chepchirchir. Aliinuka kumpa mzee kiti chake mwenyewe.

"Karibu, mzee. Nimesikia wewe ni wa zamani hapa. Nyinyi ndio mlikuwa mnaandika vizuri, si sisi wa kompyuta." Akasogeza karatasi. "Hii shida ya Kambi Mbao inanisumbua sana. Mimi sikuwepo wakati huo, nilikuwa bado shule. Kama kuna mtu aliyekuwepo aseme daftari lilipotea kwa lori, aweke sahihi hapa, nitaweza kuwafungulia hawa watu faili za waliochelewa kuandikishwa. Itachukua kama miezi mitatu, minne. Lakini angalau ni njia."

"Na mtihani?" Sue aliuliza.

"Mtihani wa mwaka huu, hapana, mama. Pole. Mwaka ujao."

Sue alibana midomo. Kahiga alikuwa ameamka mgongoni mwake, anavuta kitambaa chake cha kichwa. Akamtuliza kwa kumpigapiga, kisha akasema polepole, "Ni sawa. Mwaka ujao. Bora awe na jina." Na akamgeukia Naftaly. "Weka tu sahihi, DC. Mungu akubariki. Wewe peke yako ndio umekubali kutoka nyumbani kwa ajili yetu."

Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwake. Karatasi ilikuwa mbele yake. Mstari mmoja tu: Lilipotea. Na wote wangemshukuru. Angeshuka Nakuru akiwa amesaidia watu, tai shingoni, na daftari angelichoma jikoni siku moja Nakhumicha akiwa kanisani, na hakuna binadamu angejua.

Aliandika jina lake. Aliandika tarehe. Halafu mkono ukakataa.

"Halikupotea," alisema.

"Nini, mzee?"

"Daftari. Halikupotea. Liko kwangu."

Chepchirchir alicheka kidogo, kama mtu aliyesikia mzaha wa mzee. Kisha akaacha kucheka.

"Liko kwangu nyumbani, Section 58, chini ya godoro. Nililitoa mimi. Tulitaka ofisi irudi." Alitaka kueleza juu ya Kiarie, na mlingoti, na lori, lakini yote yalipofika kinywani yalikuwa mambo ya watoto, akayaacha. "Na nikaweka sahihi kwamba limefika. Hiyo sahihi iko hapa kwa faili zenu. Mkitafuta mtaiona."

Hakuthubutu kumwangalia Sue. Aliangalia viatu vya Sue tu, viatu vya plastiki, vidole vyekundu kwa vumbi la safari nyingi.

"Yangu iko ndani?" Sue aliuliza. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Iko."

"Unajuaje?"

"Niliangalia. Ulipohamia."

"Miaka miwili," alisema Sue. "Nimekuletea uji ukiwa mgonjwa, nayo iko chini ya kichwa chako."

"Na mimi ndio nilikuandikia, mama. Ule mkono ni wangu."

Chepchirchir alifungua droo, akaifunga bila kutoa kitu. Sue aliifunga vizuri leso ya mtoto, akasema, "Twende tukilete. Leo ni Jumatano."

Walipopita kwenye benchi, nyanya aliuliza, "Imekuwaje, Makhanu?" Naftaly alipita akiangalia chini. Sue naye akapita. Kurudi Nakuru, Sue alikaa kiti cha mbele garini, Naftaly nyuma, na njia yote mzee aliona kisogo chake tu na macho ya Kahiga yakimkodolea juu ya bega.

Alhamisi alfajiri walirudi Gatero na daftari. Sue mwenyewe ndiye aliyelibeba, limefungwa kwa shuka. Alikataa mzee alishike. Nakhumicha naye alikuja, amevaa gauni lake la kanisani, wala hakuna aliyekuwa amemwambia aje.

Chepchirchir alilifungua mezani mbele ya mkubwa wa ofisi, mtu mnene ambaye aliongea na Naftaly akimwita "wewe." Walimwandikisha taarifa kurasa mbili. Wakamwambia ataitwa, na asisafiri. Alisema sawa. Ukurasa wa Sue ulipopatikana, Chepchirchir aliuingiza kwa kompyuta, akapiga simu mahali, akangoja, na mwisho akatoa karatasi yenye nambari na muhuri.

"Cheti chenyewe ni wiki ijayo, lakini mpelekee mwalimu hii. Kwa Ijumaa inatosha."

Sue aliisoma karatasi yote, mpaka chini. Aliikunja akaitia kifuani, si ndani ya mfuko wa sukari.

"Mama Wariara," Naftaly alisema, "ngoja tumalize hapa, turudi pamoja. Mama Khisa yuko."

"Mama Khisa nitarudi naye," Sue alisema. "Wewe bado una kazi."

Na ilikuwa kweli. Wino wa daftari ulikuwa umefifia kwa joto la godoro na unyevu wa mvua nyingi, na kurasa kadhaa hazikusomeka isipokuwa kwa mtu aliyeziandika. Mkubwa alikuwa ameagiza kiti kiwekwe nje, mbele ya benchi, na mzee akae hapo asome jina moja baada ya lingine, Chepchirchir akiandika, mpaka daftari liishe. Habari ilikuwa imeshapanda Kambi Mbao. Benchi haikutosha, watu walikuwa wameketi kwenye nyasi na wengine wamesimama, na hakuna aliyepiga kelele, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kelele.

Naftaly alivua tai akaitia mfukoni. Alivaa miwani. Alitafuta ukurasa wa kwanza.

"Wangui," alisoma. "Msichana. Mama yake..."

"Hatusikii," nyanya alisema. "Sema kwa sauti. Na usimame."

Mzee alisimama.